Regyuleta ya mpiga mbizi: Kipi kitengenezwe nyumbani, kipi kiachiwe fundi

KATI ya vifaa vyote anavyojifunga mpiga mbizi kabla ya kuingia baharini, hakuna kilichobeba dhamana kubwa kuliko regyuleta. Miwani ikiingia maji, maji hayo hupulizwa yakatoka. Pezi la mguuni likikatika, safari hukatizwa na mtu akarejea juu polepole. Lakini regyuleta ikikataa kufanya kazi mita 30 chini ya maji, mwenyewe hubakiwa na pumzi iliyomo kifuani na muda mfupi mno wa kutafuta nyingine.

Ndiposa suala la kukifungua na kukikarabati kifaa hiki nyumbani limezua mjadala wa miaka mingi miongoni mwa wapiga mbizi kote duniani. Wapo wanaoshikilia kwamba ni mashine nyepesi, isiyomshinda mtu makini aliye na zana zinazofaa. Wapo pia wanaosisitiza kuwa kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa na kuidhinishwa pekee. Watengenezaji wengi wako upande huu wa pili, na huuza vipuri vyao kwa mafundi walioidhinishwa tu.

Ukweli ni kwamba kazi yenyewe si moja. Kuna matunzo ambayo kila mwenye regyuleta anapaswa kuyafanya mwenyewe, kuna ukarabati unaohitaji mafunzo na vipimo, na kuna mambo ambayo hayafai kuguswa nyumbani kamwe. Asiyejua mpaka wa haya matatu anaweza kujidhuru kwa kutenda, na vilevile kwa kutotenda.

Kifaa kinavyofanya kazi

Mwenye kupika kwa gesi anaifahamu regyuleta ya jikoni, ile inayofungwa juu ya mtungi ili gesi iliyoshindiliwa itoke kwa nguvu ndogo inayofaa mekoni. Regyuleta ya mpiga mbizi hufanya kazi ya aina hiyo hiyo, ila ina majukumu mawili zaidi. Ni lazima itoe hewa pale tu mtu anapovuta pumzi, na ni lazima hewa hiyo ilingane na uzito wa maji yanayomzunguka.

Juu ya bahari, hewa humkandamiza binadamu kwa takriban bari 1. Kila anaposhuka mita 10 za maji ya chumvi, shinikizo huongezeka kwa bari 1 nyingine. Katika mita 10 huwa bari 2, katika mita 20 huwa bari 3, na katika mita 30 huwa bari 4. Mapafu hayawezi kutanuka dhidi ya mzigo huo iwapo hewa inayovutwa haina shinikizo sawa na la maji. Kwa sababu hiyo pia, mtungi ambao ungemtosha mtu kwa dakika 60 akiwa juu, utamtosha kwa dakika 20 tu akiwa katika mita 20.

Wakenya walipata kufahamu ugumu wa kazi hiyo Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni, Mombasa, na kuzama na mama na bintiye. Gari hilo lilipatikana katika kina cha takriban mita 58 na kuopolewa Oktoba 11 mwaka huo. Katika kina hicho shinikizo hukaribia bari 7, na kila pumzi humeza hewa karibu mara saba ya ile ya nchi kavu.

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 huwa na hewa ya takriban lita 2,400. Nguvu hiyo haiwezi kuingizwa moja kwa moja kinywani, hivyo basi regyuleta huipunguza kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni kile kipande cha chuma kinachofungwa juu ya mtungi, ama kwa kibanio cha skrubu ama kwa kuzungushwa ndani ya valvu yenyewe. Ndani yake mna pistoni au kiwambo cha mpira kinachotegemezwa na springi nzito. Hewa hupita katika tundu lenye ukingo mwembamba kama wembe, na tundu hilo huzibwa na kipande kidogo cha plastiki ngumu kiitwacho kikalio. Hewa iliyopita ikifikia kiwango kilichowekwa, husukuma pistoni au kiwambo na tundu likafungwa. Mpiga mbizi akivuta pumzi, kiwango hushuka, springi hushinda nguvu na tundu likafunguka tena. Uzito wa maji ya bahari huachwa uisaidie springi, na hivyo ndivyo kifaa kinavyojua kina kilipofika.

Kiwango hicho cha katikati aghalabu huwa kati ya bari 9 na 10 juu ya shinikizo la maji. Kutoka hapo hewa hupitia paipu hadi hatua ya pili, ambayo ndiyo inayoshikwa kwa meno. Huko mna kiwambo kingine chepesi. Mtu akivuta pumzi, kiwambo huingia ndani na kubonyeza wenzo, nao wenzo huvuta valvu ndogo ikaruhusu hewa. Akiacha kuvuta, valvu hujifunga. Pumzi anayoitoa hupitia kijitundu kilichofunikwa kwa kipande laini cha mpira kinachofunguka kwa nje pekee.

Hatua za pili zilizo nyingi zimeundwa kwa namna ambayo shinikizo likizidi, valvu hufunguka badala ya kufunga. Kwa hivyo hatua ya kwanza inapoharibika na kupitisha hewa kupita kiasi, matokeo ya kawaida ni hewa kufoka kinywani na wala si kukatika. Ni usalama wa namna fulani, ingawa mtungi unaofoka humalizika kwa muda mfupi mno.

Ilikotoka

Mwaka 1860, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, Benoît Rouquayrol, alibuni kifaa cha kutoa hewa kwa kadiri ya pumzi kwa ajili ya kuwaokoa wachimba migodi. Miaka michache baadaye, akishirikiana na afisa wa jeshi la wanamaji Auguste Denayrouze, kilirekebishwa kikatumika majini. Hata hivyo, mitungi ya enzi hizo haikuweza kuhifadhi hewa nyingi, hivyo mpiga mbizi aliendelea kutegemea pampu iliyokuwa juu.

Mabadiliko makubwa yalitokea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Petroli ilikuwa adimu nchini Ufaransa, na mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide alikuwa ametengeneza valvu ya kudhibiti gesi iliyotumiwa badala ya petroli katika magari. Jacques-Yves Cousteau, afisa wa jeshi la wanamaji, alimwendea akitafuta njia ya kupumua majini bila ya kufungwa na bomba. Mwaka 1943 wawili hao walikifanyia majaribio kifaa kilichokuja kujulikana kama Aqua-Lung. Mnamo miaka ya 1950 zilizuka regyuleta za paipu moja, ambazo ndizo zilizoenea hadi leo.

Maadui wa regyuleta

Katika nchi za baridi, hofu kubwa ya wapiga mbizi ni regyuleta kuganda kwa barafu. Katika Pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Watamu na Malindi hadi Diani na Kisite, maji ni ya uvuguvugu na hofu hiyo haipo. Maadui wa huku ni chumvi, mchanga, jua na uzembe.

Maji ya chumvi yakikauka ndani ya kifaa huacha punje ngumu zenye ncha. Punje hizo hukwaruza pete za mpira, yaani oringi, ambazo ndizo zinazozuia hewa isivuje. Isitoshe, chumvi hula shaba ya manjano pale ambapo ngozi ya kromu imechubuka, na kuzaa kutu ya rangi ya kijani. Jua nalo hukausha mpira na kuupasua, hasa kwenye paipu karibu na sehemu iliyobanwa kwa chuma.

Wadudu pia wasisahauliwe. Hatua ya pili iliyotundikwa stoo kwa miezi kadhaa ni pango zuri kwa mende, na mdudu mmoja aliyekwama chini ya valvu ya kutolea pumzi anatosha kuingiza maji kinywani.

Matunzo ya kila siku

Sehemu hii ni jukumu la mwenye kifaa, na ndiyo inayorefusha maisha ya regyuleta kuliko nyingine yoyote.

Kwanza, regyuleta ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mara tu mtu anapotoka baharini, kabla ya chumvi kukauka. Ni bora ioshwe ikiwa ingali imefungwa mtungini na hewa imefunguliwa, kwa kuwa hewa iliyomo ndani huzuia maji yasipenye. Ikiwa imeshafunguliwa kutoka mtungini, kifuniko cha mdomo wa hatua ya kwanza kikaushwe kwa kitambaa na kufungwa barabara kabla ya kifaa kutumbukizwa majini.

Pili, kitufe cha hatua ya pili kisibonyezwe kamwe regyuleta inapokuwa ndani ya maji bila hewa. Kukibonyeza hufungua valvu, na maji hupanda kupitia paipu hadi hatua ya kwanza. Kosa hili dogo ndilo huleta kutu nyingi za ndani.

Tatu, ikaushwe kivulini, paipu zikiwa zimenyooka au zimekunjwa kwa duara pana. Isiachwe ndani ya buti la gari juani, wala isiwekwe karibu na mafuta ya injini, petroli au rangi.

Nne, kila baada ya safari kadhaa kichunguzwe kipande cha mdomoni. Kikitoboka au kuchanika kwa meno, kibadilishwe na kufungwa kwa ukanda mpya wa plastiki. Hii ni kazi ya dakika tano isiyohitaji fundi, lakini kipande kikichomoka majini huweza kumfanya mtu avute maji badala ya hewa.

Majaribio yasiyohitaji kufungua chochote

Mwenye regyuleta anaweza kuigundua hitilafu mapema bila ya kugusa spana. Jaribio la kwanza hufanywa bila hewa. Kifuniko cha hatua ya kwanza kikiwa kimefungwa, mtu huweka hatua ya pili mdomoni na kuvuta pumzi polepole. Kifaa kizima hakitoi chochote, na mdomo huhisi kunyonywa. Hewa ikipatikana, basi kiwambo kimetoboka, valvu ya kutolea pumzi haikukaa sawa, au kipande cha mdomoni kimechanika. Palipopita hewa, maji nayo yatapita.

Jaribio la pili ni la kuzamisha. Regyuleta hufungwa mtungini, hewa hufunguliwa na kifaa hutumbukizwa ndani ya beseni la maji safi. Viputo vinavyotoka penye kiungo cha paipu huashiria oringi iliyochoka. Viputo vinavyotoka kwenye matundu ya hatua ya kwanza, yale yanayoingiza maji ya bahari, huashiria kwamba oringi za pistoni au kiwambo zimeharibika. Kiungo kisikazwe huku kikiwa na hewa. Mtungi hufungwa kwanza na kitufe hubonyezwa hadi geji isome sifuri.

Jaribio la tatu ni la macho. Kwenye mdomo wa hatua ya kwanza mna kichujio kidogo cha chuma chenye vinyweleo. Kikiwa kijani, maji yamewahi kuingia. Kikiwa na vumbi la rangi ya kahawia au nyekundu, mtungi wa chuma una kutu ndani. Kikiwa cheusi, huenda kompresa iliyojaza hewa ina kasoro, na hapo hewa yenyewe itiliwe shaka kabla ya regyuleta.

Dalili na chanzo chake

Kuna tofauti ambayo mafundi huitumia kila siku na ambayo kila mpiga mbizi anafaa kuijua. Hatua ya pili ikianza kuvuja hewa papo hapo mtungi unapofunguliwa, mara nyingi kasoro imo katika hatua hiyo yenyewe: kikalio kimechakaa au valvu haijarekebishwa vizuri. Lakini ikikaa kimya kisha ianze kuvuja baada ya dakika chache, lawama huwa ni ya hatua ya kwanza. Kikalio chake hakizibi sawasawa, hewa hupenya kidogo kidogo, na shinikizo la katikati hupanda hadi likashinda valvu ya kinywani.

Hewa ikiwa nzito kuvuta, sababu huweza kuwa kichujio kilichoziba, shinikizo la katikati lililo chini mno, au valvu ya mtungi ambayo haikufunguliwa yote. Dalili ya kichujio kilichoziba au valvu isiyofunguliwa yote ni sindano ya geji ya mtungi kuanguka kila pumzi inapovutwa na kurudi inapoachwa. Mwenye kuiona dalili hiyo asizame.

Aidha, kuna regyuleta za bei nafuu zenye pistoni isiyosawazishwa, ambazo huwa nzito kidogo mtungi unapokaribia kwisha. Hilo ni umbile lake wala si ugonjwa. Katika zile zilizosawazishwa, uzito wa namna hiyo ni ishara ya kasoro.

Ukarabati wenyewe

Baadhi ya watengenezaji hutaka regyuleta ifunguliwe na kubadilishwa sehemu laini kila mwaka au kila baada ya safari 100, na wengine huruhusu miaka miwili mradi iwe ikikaguliwa kila mwaka. Anayeamua kuifanya kazi hii mwenyewe hana budi kuwa na kijitabu cha ukarabati cha aina ile ile ya regyuleta, vipuri halisi, na zana mahsusi. Pasipo kimojawapo kati ya hivyo vitatu, kazi isianzwe.

Zana ya kwanza kwa umuhimu si spana bali ni geji ya kupimia shinikizo la katikati, ambayo huunganishwa kwenye paipu ya koti la kuelea. Kufungua hatua ya kwanza bila geji hiyo ni sawa na kumtibu mgonjwa wa shinikizo la damu bila kumpima. Nyingine ni spana ya kupimia nguvu ya kukaza, spana za pini, jiliwa lenye midomo laini, kioo cha kukuzia, na vijiti vya shaba au plastiki vya kutolea oringi. Sindano ya chuma cha pua isitumiwe, kwani mkwaruzo mmoja usioonekana vyema kwa macho unatosha kuharibu mfereji wa oringi na pamoja nao kifaa kizima.

Kabla ya kufungua, shinikizo la katikati hupimwa na kuandikwa. Kisha mtungi hufungwa, hewa yote hutolewa, na regyuleta huondolewa mtungini. Meza huwa safi, iliyotandikwa kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi. Kila kipande kinachotoka hupigwa picha na kupangwa kwa mfuatano. Springi ya hatua ya kwanza ina nguvu nyingi, na katika regyuleta za kiwambo hulegezwa kwanza kwa nati yake ya kurekebishia kabla ya kofia kufunguliwa.

Oringi, vikalio na kichujio cha zamani havirudishwi. Vyuma vya shaba iliyopakwa kromu huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na penye kutu ya kijani hulowekwa kwa dakika chache katika siki nyeupe iliyochanganywa na kiasi sawa cha maji. Visizidishwe humo, kwa kuwa asidi huanza kula kromu yenyewe. Vipande vya alumini visitiwe kwenye siki hata kidogo, na vya mpira huoshwa kwa sabuni na maji tu. Baadaye vyote husuuzwa kwa maji mengi safi na kukaushwa kwa hewa isiyo na mafuta.

Hatua inayofuata ndiyo inayotenganisha fundi na mbahatishaji. Ukingo wa tundu la hewa hukaguliwa chini ya kioo cha kukuzia, kuuzunguka wote. Ukingo wenye pengo au mkwaruzo utakitoboa kikalio kipya, na regyuleta itavuja tena hata kama kila kitu kingine ni kipya. Vivyo hivyo, shina la pistoni lisiwe na mchubuko mahali linapopita kwenye oringi.

Oringi mpya hupakwa grisi maalumu kidogo tu, kiasi cha kung'aa. Grisi nyingi hukusanya mchanga. Vyuma hurudishwa kwa mfuatano wa kinyume, na kila nati hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa kijitabuni, kisipungue wala kisizidi.

Kupima baada ya kufunga

Hewa haifunguliwi katika hatua ya kwanza iliyofungwa upya kabla ya hatua ya pili kuunganishwa. Iwapo kikalio kitapitisha hewa yote ya mtungi, hatua ya pili itaifoka nje. Ikikosekana, shinikizo hilo huweza kupasua paipu au geji. Mtungi hufunguliwa polepole, kioo cha geji kikiwa kimeelekezwa mbali na uso wa mtu yeyote.

Kitufe hubonyezwa mara nyingi ili kikalio kipya kijikalie mahali pake. Sindano inapaswa kuanguka kila kitufe kinapobonyezwa, kisha kupanda haraka na kusimama tuli kwenye kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Regyuleta huachwa hivyo kwa dakika kadhaa. Sindano ikizidi kupanda taratibu bila kukoma, kazi haijafaulu na kifaa hufunguliwa tena.

Shinikizo la katikati likishatulia, ndipo hatua ya pili hurekebishwa. Tundu lake hukazwa hadi uvujaji ukome, na si zaidi, kwa kuwa kila mzunguko wa ziada humlazimu mpiga mbizi kuvuta kwa nguvu zaidi. Kipimo rahisi ni kuteremsha hatua ya pili polepole ndani ya beseni, kiwambo kikiwa chini na mdomo ukiangalia juu. Aghalabu hewa huanza kulia kiwambo kinapokuwa sentimita mbili na nusu hadi nne chini ya uso wa maji. Ikilia mapema mno, itafoka baharini. Ikichelewa mno, itachosha kifua.

Hatimaye, safari ya kwanza huwa ya maji mafupi, kwenye kidimbwi au ufuoni, pamoja na mwenzi aliye na regyuleta ya akiba. Sharti hili halimhusu fundi wa nyumbani pekee. Regyuleta yoyote iliyotoka kufunguliwa, hata na fundi mwenye cheti, haistahili kujaribiwa kwa mara ya kwanza katika mita 30.

Yasiyofaa kuguswa nyumbani

La kwanza ni vifaa vya hewa iliyoongezwa oksijeni. Gesi hiyo ikiwa nyingi na chini ya shinikizo kubwa, mafuta kidogo au vumbi huweza kuwaka moto ndani ya chuma. Kwa kawaida kifaa cha kutumiwa na mchanganyiko unaozidi asilimia 40 ya oksijeni huhitaji usafishaji wa kiwango maalumu, pamoja na oringi na grisi zinazostahimili oksijeni. Beseni la jikoni halifikii kiwango hicho.

La pili ni mtungi na valvu yake. Kujaribu kufungua valvu ya mtungi wenye hewa ni kujitafutia mauti, na ukaguzi wa mtungi wenyewe ni kazi ya kituo chenye mitambo. Nchini Marekani, kwa mfano, mitungi hupimwa kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka mitano.

La tatu ni regyuleta ambayo vipuri vyake halisi havipatikani. Oringi ya duka la vifaa vya mabomba huweza kulingana kwa macho na ile halisi, lakini unene wake ukapungua kidogo au mpira wake ukawa laini kuliko unavyotakiwa. Haitavuja mezani. Itasubiri bari 200.

Uamuzi ni wa nani?

Kwa mwenye kifaa anayeishi karibu na fundi aliyeidhinishwa, hesabu ni nyepesi, kwani malipo ya ukarabati ni madogo yakilinganishwa na dhamana iliyopo. Isitoshe, baadhi ya watengenezaji hufuta waranti ya regyuleta iliyofunguliwa na asiyeidhinishwa. Kwa anayeishi mbali, majaribu ya kuifungua mwenyewe ni makubwa, na yapo pia majaribu mabaya zaidi ya kuendelea kuitumia bila kuikagua kwa miaka. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika bahari ufa huo huwa ni oringi nyembamba kama uzi.

Kigezo kisiwe ujasiri wa mtu bali uwezo wake wa kupima. Anayeweza kuonyesha kwa geji kwamba shinikizo la katikati limesimama, kwa beseni kwamba hakuna kiputo, na kwa kunyonya kwamba hakuna upenyo, anajua hali ya kifaa chake. Asiyeweza kuonyesha hayo anakisia, na fundi angalipo ni afadhali amwachie.

Jambo moja halina mjadala. Hewa ikianza kufoka au kupungua ghafla majini, mpiga mbizi huchukua regyuleta ya akiba ya mwenzake na kupanda naye polepole, akiendelea kupumua kila wakati. Kushikilia pumzi wakati wa kupanda huifanya hewa iliyomo kifuani itanuke na kupasua mapafu, hata kutoka mita chache tu.